Yungiyungi Chini ya Koki

Masikio ya Fundi Bomba yalijulikana mtaa mzima. Angekaa sebuleni kwa mtu, kikombe mkononi, akakatiza mazungumzo ya maana kabisa ili aseme kwamba huko bafuni kwenu kuna koki inadondosha, na mwenye nyumba akienda kutazama angekuta kweli inadondosha. Watu walimpenda kwa hilo na walimchoka kwa hilohilo. Miaka thelathini na moja ya kushika spana ilikuwa imempinda vidole na kumpa jina, na hapakuwa na koki iliyomshinda isipokuwa moja tu, nayo ilikuwa nyumbani kwake.

Tuseme ukweli, haikumshinda. Hakuigusa. Koki hiyo ilikuwa ukutani nyuma ya jiko, na ilidondosha kwa miaka sita mfululizo. Mkewe, ambaye watu walimwita Mama Sare kwa kuwa alishonea sare wanafunzi wa shule tatu, alimwomba aitengeneze. Aliomba kwa upole, akaomba kwa kununa, akaomba mbele ya wageni ili mume aone haya, akamtuma hata binti yao aliyeolewa mbali aombe kwa simu. Jibu lilikuwa moja: kesho, mama, nikitoka kwa mteja. Na wateja wa fundi mzuri hawaishi. Mwaka wa tano Mama Sare akanyamaza, na Fundi, kama wanaume wengi wenye bahati wasiyoistahili, akadhani kunyamaza ni kusamehe.

Chini ya koki palikuwa pamegeuka dimbwi la tope jeusi, upana wa kitanda cha mtu mmoja. Nguo ikianguka pale ilikuwa ndiyo kwaheri. Basi asubuhi moja Fundi alitoka na mswaki mdomoni akakuta tope limechimbuliwa, limechanganywa na majani makavu, limezungushiwa vipande vya matofali, na mkewe amechutama pembeni, mikono imeingia ardhini hadi viwiko. Alikuwa akifukia vitunguu vitatu vikubwa kama ngumi. Fundi akauliza ni nini tena hicho. Mama Sare akasema ni yungiyungi. Si lile la kuelea juu ya maji, alieleza, bali lile linalosimama kwenye tope kandokando ya vinamasi, la maua meupe yenye mstari wa waridi, ambalo kila mtu aliyepita bondeni baada ya mvua ameliona na hakuna aliyewahi kusimama kuliangalia. Linataka mahali pasipokauka. Likishapata mahali pake linakaa miaka na miaka. Msimu ukiwa mbaya linajificha ardhini, ukiwa mzuri linarudi.

"Umelitoa wapi?" Fundi akauliza.

"Kwa Mwalimu," akasema mkewe, wala hakuinua kichwa.

Huyo Mwalimu alikuwa amehamia nyumba ya pili mwaka uliopita, akitenganishwa nao na ua wa michongoma unaomfikia mtu kifuani. Alikuwa amestaafu kufundisha biolojia, mkewe alikuwa amefariki, na mizigo yake ilikuwa vitabu, viatu virefu vya mpira na makopo ya mimea aliyoikusanya mabondeni. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye kusema taratibu. Lakini kilichomkera Fundi hasa ni kucha zake. Mtu anashinda kwenye matope na bado kucha zake ni safi. Fundi alitazama za kwake, zenye grisi ya miaka thelathini na moja, akaona kuna mtu anamwonea.

Halafu kulikuwa na lile neno shemeji. Mwalimu alimwita Mama Sare shemeji, kama adabu inavyotaka kwa mke wa jirani. Shemeji wa nani, Fundi alijiuliza. Amekuwa ndugu yangu lini?

Siku si nyingi baadaye alirudi kazini mapema akamsikia mkewe akicheka kule nyuma. Si kile kicheko chake cha kumalizia maneno na wateja wa sare. Hiki kilitoka tumboni, kikakatika, kikaanza tena, na Fundi akasimama mlangoni na mkoba wa vifaa begani akijaribu kukumbuka yeye amekipata mara ya mwisho lini. Hakukumbuka. Alipochungulia, Mwalimu alikuwa upande wake wa michongoma akionyesha kwa mikono jinsi chura mmoja alivyomrukia kifuani bondeni, na mkewe upande huu ameshika kiuno, machozi yanamtoka. Fundi akasalimia. Wote wawili wakamwitikia vizuri sana, na hilo likamuuma zaidi.

Tangu hapo wivu ukamkaba. Kwanza aligundua kwamba chai ya asubuhi imechelewa. Zamani Mama Sare aliamka, akabandika sufuria, akamletea kikombe kitandani. Sasa aliamka, akaenda nyuma kutazama majani, akayahesabu, akayafuta vumbi kwa kidole kilicholoa, ndipo akakumbuka kwamba ndani kuna mtu. Fundi alilala chali akisikia kandambili za mkewe zikienda na kukaa huko. Mwanaume mzima wa miaka hamsini na saba anaonea gere majani. Alijiona mjinga na hakuacha.

Pili, kila sentensi nyumbani ikaanza na Mwalimu amesema. Mwalimu amesema mizizi inataka tope na kichwa kinataka jua. Mwalimu amesema usitie mbolea, tope lina kila kitu. Jioni moja wakila, Mama Sare akasema Mwalimu amesema mimea ya hapahapa inadharauliwa kwa sababu watu wameizoea mno. Fundi akatafuna kimya kimya akisubiri aone kama kuna fumbo ndani yake. Kama lilikuwepo, mkewe alilimeza pamoja na tonge.

Kilichomvunja kabisa ni duka la vifaa. Alikuwa amekwenda kununua viungio vya bomba, na muuza duka, mtu wa mdomo mrefu asiyejua kunyamaza hata akilipwa, akamuuliza mbele ya mafundi wenzake ua la Mwalimu linaendeleaje.

"Ua la nani?" Fundi akauliza.

"La Mwalimu. Si Mama Sare alipita hapa kutafuta ndoo, akatusimulia habari za ua la Mwalimu mpaka ndoo ikasahaulika?" Na mafundi wakacheka, si kwa ubaya, ila wakacheka.

Fundi alitoka pale na kijiba cha roho kisichomezeka wala kutemeka. Kumkabili Mwalimu hakuweza. Angemwambia nini, usimpe mke wangu kitunguu? Kulikanyaga ua hakuweza pia, maana angejulikana mara moja. Ndipo akili ya ufundi ikamjia. Ua lile liliishi kwa tone la koki. Na hakuna mahakama duniani ya kumhukumu fundi bomba kwa kutengeneza koki.

Ila hakutaka kuitengeneza waziwazi. Hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa mkubwa, na mimi sitamsitiri. Tone likikatika ghafla, mkewe angegundua mara moja. Likipungua polepole, ua lingekufa lenyewe, na aibu ingemwangukia Mwalimu na vitabu vyake. Fundi alikuwa na kopo la mipira ya koki iliyotumika, ile midogo ya mviringo inayoziba maji ndani, aliyoikusanya kwa wateja kwa miaka mingi bila kujua kwa nini. Sasa alijua. Mkewe alipokwenda kupeleka sare, Fundi alirudi nyumbani, akafunga maji ya nyumba nzima, akafungua koki, akatoa mpira uliolika kabisa akatia uliolika nusu. Tone likawa si moja kwa kila pumzi, bali moja kwa kila pumzi tano. Kazi nzima haikuzidi muda wa kunywa chai.

Mama Sare hakugundua. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, cherehani ilinguruma kutwa, na sauti uliyoisikia miaka sita huisikii tena. Majani yakapunguza kasi ya kukua, basi. Wiki iliyofuata Fundi alimkuta Mwalimu ameketi kwenye kiti cha nyuma ya nyumba, kile cha kamba ambacho Fundi hupumzikia Jumapili, akinywa maji. Kesho yake Fundi akairudia koki na kopo lake la mipira, na tone likawa la kusubiriwa.

Pamoja na hayo yote, yungiyungi la katikati likatoa shina la ua. Hilo Fundi hakulitarajia. Lilinyooka kutoka katikati ya majani, limebeba fungu la vichwa vilivyofumba, na Mama Sare akaacha gauni la mtu mezani, sindano ikining'inia, akaenda kulitazama mara tatu kabla ya mchana. Usiku huo alimwambia mumewe kwa furaha kwamba Mwalimu amesema litafunguka baada ya siku kumi hivi, jioni, na siku ya kwanza ndipo hunukia kuliko siku zote. Amemkaribisha Mwalimu chai jioni hiyo, walione likifunguka.

"Na mimi?" Fundi akauliza.

"Wewe si utakuwa kwa wateja?" akasema mkewe. Wala hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Fundi hakulala vizuri. Alikwisha kuiona jioni yenyewe: meza ndogo nje, vikombe viwili, ua likifunguka, kile kicheko cha tumboni, na yeye yuko chini ya sinki la mtu mwingine. Aliamini kabisa, kwa namna mtu anavyoamini jambo alilojitungia mwenyewe, kwamba ua hilo likifunguka mbele ya Mwalimu basi mke amekwenda. Siku iliyofuata akachukua mpira mpya kabisa, bado na unga wake wa dukani, akautia, akakaza nati ya koki kwa nguvu zake zote. Likakatika tone la miaka sita.

Jua lilikuwa kali siku zile. Tope lilianza kukakamaa juu, likapasuka vipande kama biskuti. Majani yakalainika, ncha zikawa njano, na siku ya tano shina la ua likainama pembeni. Mama Sare alilimwagia maji ya kusuuzia vyombo, akaongeza majani makavu, akalifungia kijiti kwa uzi wa cherehani. Uso wake ulikuwa umesinyaa. Fundi alipouona alihisi kitu kama ushindi, ila hakikukaa, kwa sababu kilichofuata ni Mama Sare kwenda kwenye michongoma na kuita.

Hapo ndipo alipojua amejichimbia. Mwalimu ambaye zamani alikuwa akisimama upande wake sasa aliingia kila siku, asubuhi na jioni, kama daktari na mgonjwa wake. Walichutama pamoja, vichwa karibu, wakinong'ona juu ya jani. Fundi alikuwa ameacha kwenda kwa wateja wa mbali ili awe karibu. Alikaa kwenye ngazi ya jiko akinywa chai iliyopoa na kuwatazama migongo, na kila mkewe alipomsogelea Mwalimu aone anachoonyeshwa, chai ilimwingia njia siyo.

Siku ya saba, saa kumi jioni, Mwalimu alichomeka kidole kizima kwenye udongo. Kilitoka kikavu. Akakitazama, akatazama ukuta, akatazama juu kwenye koki, akakinga kiganja chini yake na kusubiri. Hakuna kilichoanguka. Akamgeukia Fundi pale kwenye ngazi.

"Fundi, koki yako imeziba," akasema. "Lile tone ulilomwachia shemeji halipo tena."

"Nililomwachia?" Fundi akasema.

"Shemeji alinieleza siku ya kwanza. Nilimuuliza, maana mimi sina adabu, mbona nyumba ya fundi bomba ina koki inayovuja. Akaniambia umeiacha makusudi kwa ajili ya bustani yake, na kwamba umelipima tone mwenyewe, lisizidi wala lisipungue." Mwalimu alifuta kidole kwenye suruali. "Mke wangu aliniomba rafu ya kuwekea vyombo miaka kumi na minne. Mbao zilikuwepo. Sikupigilia hata msumari mmoja mpaka akaondoka. Kila nikiliona tone lile, Fundi, nakuonea wivu. Nakwambia wazi."

Fundi alimtazama mkewe. Mama Sare hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akiitazama koki. Shaba yake ilikuwa imefubaa kwa miaka, isipokuwa kwenye nati, ambako meno ya spana yalikuwa yameikwaruza juzijuzi ikang'aa. Alikuwa ameishi na fundi miaka thelathini. Alijua alama hiyo inaachwa na nini.

"Labda ni uchafu umeziba," alisema hatimaye, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ataangalia. Asante, Mwalimu. Nenda kapumzike, tutakuita."

Mwalimu akaaga na kupita kwenye pengo la michongoma. Mama Sare alingoja mpaka aliposikia mlango wa jirani ukifungwa. Kisha akakaa kwenye kiti cha kamba, akakunja mikono, akamwita mumewe kwa jina wanalolitumia wateja.

"Fundi. Umeigusa mara ngapi?"

Angeweza kudanganya. Alifungua kinywa ili adanganye, likatoka la kweli. "Tatu," akasema. "Mara ya kwanza niliipunguza tu."

"Tatu." Alilirudia neno kana kwamba analipima kwa futi kamba. "Mimi nilikuomba miaka mitano ukakosa nafasi. Kwa ajili ya Mwalimu umeipata mara tatu."

Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba hakuwa na shida ya ua. Alikuwa na shida ya koki. Aliposhindwa, alikaa akalitazama lile tope, akajiuliza kama kuna kitu chochote duniani kinachoweza kuishi na nyumba inayovuja, akaenda kumuuliza jirani mwenye vitabu. Ndivyo yungiyungi lilivyokuja. Na jirani alipouliza kuhusu koki, uongo ulimtoka mwenyewe mdomoni, ukapendeza, akawa kila asubuhi anakwenda nyuma kutazama majani akijifanya kwamba ni kweli, kwamba kuna mtu aliyempimia tone. Alijua si kweli. Lakini ulikuwa ukimchekesha na kumpa nguvu ya siku nzima.

Fundi alisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni. Hata hivyo, wivu ni mkaidi. Hata katikati ya aibu ile ulinyanyua kichwa, ukamsukuma aulize swali lililomkalia kooni tangu siku ya kitunguu cha kwanza.

"Unampenda?"

Mama Sare aliinama akalifungua lile shina kutoka kwenye kijiti. Vichwa vya maua vilikuwa vimekauka bila kufunguka. Akalikata kwa mkasi wa kushonea uliokuwa mfukoni mwa gauni lake, taratibu, karibu na udongo.

"Ningekuwa nampenda," akasema, "ningemwambia ukweli juu yako."

Akaingia ndani na lile shina mkononi, na muda mfupi baadaye cherehani ikaanza kunguruma. Fundi akabaki pale. Alijaribu koki, ikafunguka vizuri na kufungika vizuri, koki safi ambayo mteja yeyote angeisifu. Akatafuta ndoo, akaijaza, akaimwaga taratibu juu ya udongo uliopasuka, na udongo ukainywa yote usibakishe hata povu. Akajaza nyingine. Hakujua kama vitunguu vilikuwa hai huko chini au vimekwisha, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza isipokuwa mmoja.

Kichwa cha mtu huyo kikatokea juu ya michongoma, na kofia yake. Fundi akahisi roho ikimuuma palepale pa siku zote, haijapungua hata kidogo.

"Umeona tatizo lilikuwa nini?" Mwalimu akauliza.

"Nimeliona," Fundi akasema. "Lilikuwa upande wangu." Kisha, kwa shida, kama mtu anayeng'oa nati iliyoshika kutu, akamwomba aje amwonyeshe ndoo ngapi kwa siku.